Nukta Hamsini

Umeme umekatika mara tatu tangu asubuhi,
na kila ukirudi Bi Nangomwa anachungulia dirishani:
"Wewe fundi, mzani wako umepotea tena!"
Mzani haujapotea. Upo palepale juu ya saruji,
na gunia la Chitanda limekaa juu yake kama bibi harusi.
Kilichopotea ni njia.

Kompyuta yenyewe ni ubao mmoja,
upana wa pakiti ya karata.
Nimeufunga ukutani kwa waya, asipofika panya,
ndani ya kopo la siagi nililolitoboa lipate kupumua.
Kazi yake ni kusoma kilo na kuzipeleka ofisini.
Haijui kulala. Haijui pia inakaa wapi.

Maana ruta ndiye mwenye nyumba.
Umeme ukizima, wapangaji wote nje;
ukiwaka, anagawa vyumba upya, awahiye ndiye apataye:
leo kumi na nne, kesho ishirini na tatu,
na karani anabisha hodi kwenye mlango wa jana,
anaitikiwa na simu ya mtoto wa mlinzi.

Nayajua maisha hayo.
Barua za baba kutoka Tunduru, machimboni,
zilikuja kwa mkono wa Mwalimu Likanga, Shule ya Msingi,
na Mwalimu alipohamishiwa Liwale
barua zikamfuata yeye.
Sisi tukabaki tukidhani tumesahauliwa.

Usiku, basi. Ghala limefungwa,
vumbi la korosho linawasha pua.
Nimechomeka kibodi, nimefungua faili,
na kwa vidole viwili naandika:
mia tisini na mbili, nukta, mia sitini na nane,
nukta moja, nukta –

Hapo nilikosea. Niliweka ishirini.
Ishirini ni ya printa, tangu mwaka juzi.
Watu wawili, mlango mmoja:
nikaita, wakaitika wote, nisimsikie hata mmoja.
Printa ikatema karatasi tupu, kama tusi.

Nikaanza upya. Hamsini,
mbali na vyumba anavyogawa mwenye nyumba.
Chini yake lango: nukta moja, ruta mwenyewe,
ndiko pa kupitia ukitaka kwenda nje.
Kisha kinyago.
Ndivyo nilivyofundishwa kukiita, nami nikacheka peke yangu,
mimi mjukuu wa mchonga mapiko.
Cha babu kilimficha mtu, akawa wa wote.
Hiki kinafunika ukoo – mbili hamsini na tano, mara tatu –
kisha kinaacha sifuri mwishoni, tundu dogo,
na kwenye tundu hilo mtu mmoja tu anachungulia.

Nikahifadhi. Sikungoja umeme ukatike,
niling'oa waya mwenyewe.
Nikahesabu hadi thelathini. Nikachomeka.
Taa nyekundu. Ya kijani. Ya kijani ikipepesa.
Nikaita hamsini.
Ikajibu.
Nikaita tena, si kwa shaka, kwa raha tu.

Asubuhi ukungu ulifunika Kitangari hadi kwenye mabati.
Umeme ukakatika saa mbili, ukarudi saa tatu kasoro.
Bi Nangomwa hakuja dirishani.
Nilimkuta ofisini, kalamu ya wino mzito mkononi,
anaandika ukutani, chini ya orodha ya wanaodaiwa magunia:
MZANI – 50.
"Huyu," akasema bila kugeuka, "sasa anajulikana kwao."

Kwenye skrini: Chitanda, themanini na moja nukta nne.
Nje Chitanda anabisha, anasema ni themanini na tatu.
Hilo si la anwani.