Upepo wa Nyuma

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kupepea.
Sikupepea makaa, wala mgonjwa, wala bwana harusi.
Nilipepea amplifaya ya baba
Jumamosi usiku, katika kumbi za Jurunas, mjini Belém,
ambako mvua ya alasiri huacha hewa nzito kama blanketi bichi
na hata kuta hutoka jasho.

Alinikalisha nyuma yake, juu ya kreti la bia,
upepeo wa mama mkononi, ule wa kuwashia jiko,
ukingo wake umeungua.
Nilikuwa na miaka saba na amri tatu:
usiguse, usilale, usiache.

Mbele, watu waliona shati la Osmarino lenye maua,
vidole vikikimbizana kwenye nyuzi kama vifaranga walioona mwewe.
Mimi niliona ya ndani:
valvu nne zimesimama kwa safu,
kila moja na kaa lake la rangi ya chungwa,
kijiji cha vioo, taa kila nyumba,
na harufu ya vumbi linaloungua taratibu.
Nikaamini, nani angenikataza,
kwamba muziki unatoka kwenye kiwiko changu.

Usiku wa harusi ya binti wa mzee Epaminondas
valvu ya tatu ikaanza kuwa nyekundu.
Si chungwa. Nyekundu ya chuma cha mhunzi,
bati lake la ndani likiiva.
Nikapepea.
Nikabadilisha mkono, nikapepea.
Nikashika kwa mikono miwili hadi mabega yakawaka.
Pah!
Kisha kimya cha ukumbi mzima;
watu wakageuka kumtazama baba,
baba akageuka kunitazama mimi.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Miaka kumi na mitatu niliubeba mlio ule,
hadi nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi kwa Valdecir,
nikamsimulia huku nikichomelea soketi.
Akacheka, bisibisi mdomoni:
"Kipimo cha gridi kilikosewa, binti.
Valvu ile ilikuwa inajila yenyewe.
Hata ungepepea kwa kimbunga."

Wiki iliyopita nimeifungua ile ile amplifaya.
Kwanza nikazimaliza kapasita,
maana umeme hukaa humo plagi ikishachomolewa,
kama kinyongo.
Nikapima. Nikarekebisha. Nikapima tena.
Ndipo nikafunga feni niliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa,
ya ofisi ya kodi. Feni ya volti kumi na mbili,
naipa saba tu, isije ikanguruma katikati ya wimbo wa polepole.
Nimekata kandambili vipande vinne, nikaikalisha juu ya mpira
ili mtetemo wake usiingie kwenye mbao.
Mwanzo niliielekeza ipulize;
usiku nikaamka, nikaigeuza invute:
joto litoke, lisitembezwe tu humo ndani
kama maneno ya jirani.

Baba akaja jana. Miaka sabini na tisa, sikio moja.
Akapiga nyimbo mbili, ya pili kaisahau nusu,
akairudia ile nusu anayoikumbuka.
Halafu akanyoosha mkono nyuma ya sanduku,
akakutana na upepo vuguvugu.
"Nani yuko huku?"
"Feni, baba."
"Haichoki?"
"Haichoki."
Akafikiri, akikaza uzi wa chini ambao haukuwa umelegea.
"Basi haitajua wimbo ukifika patamu."

Akaanza tena, kwa kasi ya zamani,
akikosea na kuchekea makosa yake.
Bati la paa likaanza kupigwa na mvua ya saa nane.
Feni ikazunguka, haina habari.
Sikumwambia kwamba chini ya meza
mkono wangu wa kulia
ulikuwa umeshaanza.