Mhuri Usio na Jina

Baba alipuliza mfuko hospitalini Kofu,
akatoa damu, akatoa choo kwenye kikopo,
na kila jibu likarudi jeupe:
hana mdudu.
Hajawahi kuwa naye, alisema Daktari Mochizuki,
utando wa tumbo lake ni kama wa mtoto aliyeachishwa ziwa juzi.

Bibi aliuawa na mdudu huyo. Alikunywa maji ya kisima
cha nyuma ya nyumba miaka yote ya vita,
na figili za chumvi kila mlo.
Kwake tulijua wa kumlaumu.
Kisima tulikifukia. Saruji baba aliimwaga mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Haya, nguo tumezivua, tumezifua,
tumezikung'uta juani, pindo kwa pindo,
hamna chawa.
Na bado analiwa.

Doa moja. Limepauka, halifiki punje ya mchele.
Kisha picha ya hadubini: seli zimejaa ute,
kiini kimesukumwa ukingoni
hadi kila moja ikawa pete,
pete ya mhuri. Ndivyo zinavyoitwa, alisema daktari,
halafu akakumbuka kazi ya mgonjwa wake
akatazama viatu.

Baba anachonga mihuri. Miaka arobaini na sita, Rokugo,
majina ya watu kinyumenyume
kwenye mti wa manjano, kwenye pembe ya nyati,
ili yakigongwa yasomeke.

Aliinamia ile picha kama anayekagua kazi ya mwanagenzi.
"Mkono mwepesi," akasema. "Nani kachonga?"
"Hatujui. Kwa wengine ni damu ya ukoo. Yako tumepima, siyo."
"Kwa hiyo hakuna jina."
"Hakuna."

Mimi nilitaka mkosaji.
Niliwaza sigara alizoacha mwaka niliozaliwa,
vumbi la pembe,
mkono wangu na kijiko cha chumvi juu ya supu yake.
Njia nzima ya korido nilikuwa nashtaki.

Wakaleta fomu ya upasuaji.
Baba akatoa mhuri wake mfukoni,
akauchovya kwenye wino mwekundu,
akaupumulia kwanza, haa, kama kawaida yake,
kwa pumzi ileile waliyoipima wakaisifu,
akagonga.

Akanigeuzia karatasi. Kucha yake ikaonyesha ukingo:
"Hapa juu, unaona? Wino haujashika.
Nikirudi nitautengeneza."