Basi

Afisa aliuliza ilikuwa saa ngapi.
Baina ya adhuhuri na alasiri, nikamwambia,
Agosti, Ibra yote imejifungia na viyoyozi vyake,
na chetu kibovu, kinanguruma kama lori mlimani,
ndiyo maana jirani hakusikia.
Akaandika: jirani hakusikia.
Hakuandika kwamba nilipiga kelele kwa Kiswahili.
Kiarabu changu ni cha dukani na cha wakwe;
anayekabwa hachagui lugha.

Muhenna alipata pancha njia ya Mudhairib,
akarudi nyumbani kutafuta jeki,
spana ya magurudumu bado iko mkononi.
Nilitaka waiandike ile pancha.
Bila yake angekuwa shambani, kwenye mitende,
na mimi ningekuwa jina katika faili jingine.

Pigo la kwanza halina mgogoro.
Ghaith alikuwa na goti kifuani mwangu.
Wakili, shekhe, hata mwendesha mashtaka,
wote hulipita pigo lile
kama watu wanaopita mbele ya wanaosali.

La pili wanagombana.
Alikuwa amejiinua.
Mmoja asema: aliyejiinua aweza kurudi.
Mwenzake asema: aliyejiinua aweza kukimbia.
Nawasikiliza, nawaona wote wakweli,
nao wote hawakuwepo.

La tatu.

Kabla ya la tatu Muhenna alinitazama.
Miaka kumi na moja namjua mtazamo ule:
ndivyo anitazamavyo akinimiminia chai,
anangoja nimwambie kikombe kimejaa.

Ghaith alikuwa anatambaa,
mkono unapapasa sakafu, unatafuta kandambili,
kana kwamba ni aibu
kutoka nyumba ya watu peku.

Basi.
Waarabu wanalo neno hili, na sisi tunalo,
hata Mbangali anayeleta mitungi ya gesi analo.
Lilikuwa ulimini mwangu kama kokwa ya tende.
Sikulitema.

"Ulisema nini hapo?" aliuliza afisa.
Sikusema kitu.
Akaandika: hakusema kitu,
akanisogezea kikombe cha maji,
akidhani amenionea huruma.

Mwezi wa nne akaja Bi Zuweina, mama yake.
Barza imejaa wazee wanaopanga bei ya damu,
riyali ngapi, kwa awamu ngapi,
na damu ni yake, akitaka kisasi, akitaka fidia, akitaka asamehe.
Alikuja peke yake. Kahawa hakuigusa.
"Sikuja kumtetea," alisema.
"Alilolifanya nimeambiwa, na tumbo lililomzaa ni hili.
Nijibu moja tu.
Alipokufa, uso wake ulielekea wapi?
Ndani, au mlangoni?"

Kiyoyozi kimeshatengenezwa.
Siku hizi nyumba hii inasikia kila kitu.

Nikisema ndani, mume wangu alinikinga,
na huyu mama arudi kwao na mtoto aliyekufa mnyama.
Nikisema mlangoni,
mwanawe alikuwa anaondoka,
na mimi nimelala mwaka huu mzima nikimuombea
mtu aliyeua.
Na mie je, niliyeshikilia kikombe
nikakiacha kifurike?

Nikainuka, nikaenda kabatini.
Nimeificha humo tangu siku niliyodeki,
polisi hawakulikunja zulia la kizingitini:
kandambili ya kushoto,
kisigino ndani, ncha nje.
Nikamwambia nilipoikuta, na ilivyokaa.

Aliipokea kwa mikono miwili.
Akaipangusa kwa upindo wa buibui, taratibu, chini na juu,
kama anayemtayarisha mtoto kwenda chuoni.
Hakuniuliza jingine.
Mlangoni alivaa viatu vyake, akakosea miguu, akavibadilisha.

Kesi ni Jumatatu.
Muhenna sijamwambia.
Jana kwenye dirisha la jela aliniuliza kama nakula,
nikasema nakula,
akaendelea kunitazama,
anangoja.