Meza ya Mengineyo

Jumanne, baada ya chai, tulipiga kura:
saba kwa sita, chama cha treni ndogo kipangwe upya.
Mimi ndiye katibu. Kalamu ni yangu,
basi na gundi ni yangu, na mkasi, na lawama.

Mji wetu, Valga, umekatwa na mpaka:
hatua moja uko Estonia, ya pili uko Latvia.
Sisi hukutana chini ya maktaba,
penye mabomba yanayokoroma msimu wa baridi
na harufu ya rangi, waya ulioungua, soksi mbichi.

Urmas alileta mchoro.
"Mvuke huku," akasema. "Dizeli kule.
Umeme karibu na soketi, ndipo pake.
Milima, miti, nyasi za unga wa mbao: dirishani.
Wageni na maswali yao: mlangoni."
Hakukosea. Mwaka mzima tulitafuta bisibisi moja
tukaja kuikuta imelala ndani ya handaki.

Ila Gunārs, anayevuka mpaka kwa miguu
na garimoshi mfukoni, limeviringishwa kwenye leso,
akauliza: "Hili langu la kusukuma theluji
lina bomba la moshi, lakini tumboni nimelitia mota.
Lilale wapi?"
Urmas akautazama mchoro.
Tulibishana mpaka mabomba yakapoa.

Ikabaki meza moja, pembeni,
mguu wake mfupi umekanyagia kitabu cha simu.
*Mengineyo.* Mwandiko wa Heldur, wino umepauka.
Hapo palikuwa na kuku wa plasta wa Maimu, wakubwa kuliko kanisa;
magurudumu yatima; saa ya stesheni isiyo na akrabu;
mfuko wa watu wadogo ambao kipimo chao hakina meza,
mmoja ameinua mkono, sijui anaita, sijui anaaga;
na kijikaratasi: "Nani anajua kuigiza mlio wa breki?"
Hakina tarehe. Hakina jibu.

Hapo ndipo walipoegemea wasiokuja kujenga kitu:
Heldur na goti lake,
Ülle na bei ya kuni, na talaka, kisha kuni tena.
"Takataka yenye jina," Urmas alisema,
naye hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka.

Nilibandua ule mwandiko kwa kisu cha siagi.
Kuku wakaenda dirishani, wakalitawala bonde.
Heldur hakusema neno. Alivaa kofia.

Miaka thelathini na moja nilichambua barua posta.
Naijua raha ya kisanduku kilichojaa kwa haki.
Naijua na ile rafu ya chini, karibu na stovu,
ya barua zisizo na mwenyewe:
*Kwa shangazi, nyumba ya kijani, baada ya daraja.*
Nyingi tulizifikisha. Kwa kuulizana tu,
huyu amwulize yule, yule amwulize muuza maziwa.
Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda.
Nyingine ilikuwa mshahara.

Jumanne iliyofuata kila kitu kilikuwa mahali pake.
Bisibisi saba, zimelala kwa urefu.
Watu wakasimama na vikombe mkononi,
hawajui pa kuweka viwiko.
Akaingia mtoto, Taavet, na tramu ya kiberiti,
magurudumu yake vifungo vya koti, kimoja kimezidi.
Mvuke wakamwonyesha umeme.
Umeme wakamwonyesha mlangoni.
Mlangoni palikuwa na kiti kitupu.

Nikamwambia: weka hapa,
juu ya daftari la mkutano, hapa kwenye kiwiko changu.
Gunārs akasogea na leso yake.
Ülle, bila kuulizwa, akaanza habari za kuni.
Karatasi ya jina ninayo. Sijaandika kitu.

Heldur hajarudi. Nimempigia simu mara mbili.
Mara ya pili alipokea, akasema ni goti.
Nikamwambia: lilete.