Daftari la Mwanzo Mgumu

Naitwa Shaame Faki, mshika fedha,
ingawa mwaka jana hapakuwa na fedha ya kushikwa.
Nilishika ufunguo wa kabati,
na kabatini mlikuwa na jezi kumi,
maana ya kumi na moja Kombo aliondoka nayo kwenda kuoa Micheweni
na hawakurudi, si yeye si jezi.

Akaja bwana mmoja na gari jeupe hapa Konde,
akasema atalipa yote: mipira, viatu, chai ya wachezaji,
nauli ya boti tukiitwa Unguja,
sharti tu timu ichukue jina la duka lake la simu
na rangi yetu ya samli tuivue.
Tukamkaribisha kahawa.
Akanywa vikombe viwili, akaondoka.
Usiku ule hatukulala: wenzangu kwa fahari,
mie kwa hesabu.

Asubuhi nikachukua daftari dukani kwa mkopo,
na huo ndio mstari wa kwanza:
*Tunadaiwa. Daftari moja. Shilingi elfu.*

Mstari wa pili ni wa Bi Salhina, muuza vitumbua.
Alikataa neno mchango.
Mchango, alisema, ni wa harusi na matanga,
unatoa, unakula, unasahauliwa.
"Mie niuzie kitu. Nionyeshe changu kiko wapi."
Nikautazama uwanja: mbuzi wawili, magoli mawili matupu.
Nikamuuzia wavu wa upande wa skuli,
elfu tano kila Ijumaa, hadi uishe.

Habari haikungoja kualikwa.
Vijana wa bodaboda wakanunua kiatu cha kushoto cha Subeti,
wachukuzi wa sokoni wakanunua cha kulia,
na hadi leo wanagombana ni kipi kinachofunga.

Zikaiva karafuu. Watoto wa Darasa la Nne
wakaleta makonyo ndani ya kofia,
makonyo nayo mali, nikayapima, nikawaandikia kipenga.
Wakubwa wa ligi wakaleta barua: kipenga hakiuzwi.
Nikawabadilishia kwa bendera ya kona.

Nassor alipiga simu kutoka Maskati,
akataka kuinunua timu nzima.
Nikamwambia, umechelewa, imebaki chokaa.
Akainunua chokaa.
Kila Jumamosi huniuliza, kabla hata ya salamu:
"Mstari wangu umenyooka?"

Basi wakaja wageni wa Wete.
Dakika ya kumi tu, mpira ukatua wavuni kwa Bi Salhina.
Uwanja kimya kama nyumba ya eda.
Akasimama yeye peke yake:
"Lakini mmeona ulivyoushika! Haukutoboka!"
Tukacheka, na kucheka kule, sijui,
kuliwaingia wachezaji miguuni.
Kipindi cha pili Subeti akafunga, wavu ule ule.
(Kushoto. Niliona mwenyewe. Wachukuzi wasinisikie.)

Upande wa kisima, ambao haukupata mnunuzi,
tulitundika kipande cha juya kuukuu.
Dakika za mwisho mgeni akapiga shuti,
mpira ukaingia golini, ukapenya tundu,
ukaenda kugonga ndoo za watu.
Refa akatazama juya, akatazama ndoo.
Akasema umepita nje.

Moja kwa moja. Konde haikulala.

Ijumaa Bi Salhina kaja, mkononi elfu tano.
"Wangu nimeumaliza. Ule wa kisima wa nani?"
Niliposita akaniangalia,
jicho lile la mtu anayejua kitumbua kibichi kwa harufu.
"Shaame. Tundu si mchezaji wetu."

Nikaandika jina lake.
Halafu, taa ikiwa chini na nyumba imelala,
nikafungua ukurasa wa madeni,
chini ya daftari la elfu moja, ambalo bado,
nikaongeza kwa wino, si kwa penseli:
*Tunadaiwa. Goli moja. Wete.*