Mbuzi wa Hezroni

Kifafa changu sijawahi kukiona.
Watu wa Handali wamekiona,
mwalimu wa darasa la nne amekiona,
sauti ya kwanza yote ya kwaya imekiona,
hata muuza chumvi aliyepita kijijini mara moja tu.
Mimi nakuta mabaki:
mchanga kwenye meno,
ulimi umechanika pembeni,
sketi imelowa,
na duara la miguu iliyosimama mbali.

Cha kabla, hicho nakijua.
Harufu ya mkaa uliomwagiwa maji
mahali pasipo mkaa wala maji.
Kisha kidole gumba cha kushoto
kinaanza kurukaruka peke yake.
Halafu hakuna.
Halafu ni jioni.

Mkono huu ulilala kwenye mafiga
nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.
Mlenda ukamwagika, watu wakarudi nyuma:
povu likikugusa, walisema, nawe umekipata.
Aliyenivuta motoni ni Hezroni, mdogo wangu,
miaka saba, fimbo ya kuchungia bado mkononi.
Povu langu lilimkaukia shingoni.
Leo ana ishirini na miwili, na hajaanguka
ila siku aliyojifunza pikipiki.

Huko Mvumi tabibu aliuliza: Unaangukaje?
Nikasema: Muulize huyu.
Kwa dakika ngapi?
Hezroni hakuwa na saa.
Akafikiri, akatazama dari.
"Ni kama kufungua zizi asubuhi,
mbuzi wa baba wapite mlangoni mmoja mmoja,
wote, mpaka yule kilema."
Ni wangapi?
"Sitini na wanne."
Tabibu hakucheka. Aliandika.

Akasema ubongo una njia zake kama makorongo yetu,
kila siku hupita kidogo, taratibu.
Ila kuna siku mvua inanyesha mbali usikokuona,
na wewe umesimama juani, kwenye mchanga mkavu,
mara maji yote yanafika kwa pamoja.

Akauliza ya zamani. Mama akatazama sakafu.
Masika. Korongo limejaa,
mkokoteni umekwama ng'ambo,
uchungu siku mbili,
na mimi nikatoka na rangi ya zabibu, bila kulia.
"Huenda ni hapo," tabibu alisema.
"Huenda sipo. Wapo wengi ambao chanzo chao hatukijui."
Miaka kumi na tisa Mama alikuwa amelibeba
jina la jirani aliyesemekana kuniroga.
Kesho yake alimpelekea debe la uwele
na hakueleza ni la nini.

Kidonge kila jioni.
Usikiache ukijiona mzima;
hasa ukijiona mzima.
Mbuzi wakapungua: arobaini,
kumi na wawili,
mwezi mzima zizi likanyamaza.
Kisha dawa ikaisha dirishani, njoo wiki ijayo,
njoo wiki ijayo,
na mbuzi wakatoka wote,
na yule kilema akapita mara mbili.
Tangu hapo natunza vya akiba
kwenye kopo la majani ya chai.

Mwaka mmoja na miezi minne sasa.
Sipandi ngazi. Kisimani siendi peke yangu.
Lakini msimu wa kupogoa mizabibu
wananikabidhi mkasi
kama wanavyomkabidhi mtu yeyote,
na ninapomaliza mstari wangu
hakuna anayeshukuru Mungu kwa sauti.

Jioni nikinyamaza kitambo,
nikitafuta tundu la sindano kwenye mwanga mdogo,
Hezroni kanipa mgongo, namsikia chini chini:
mmoja, wawili, watatu, wanne.
"Nipo," namwambia.
"Najua," anajibu,
na anafika kwanza mpaka wa tisa.