Mama Mshai

Arobaini ya baba ilipopita, tukafungua daftari la kinu.
Lilinuka mawese na sabuni ya mche,
kurasa zimegandana pale vidole vyake viliposhika,
kila jina na deni lake:
Semboja, madumu mawili, amelipa kuku.
Shule, dumu moja, *wasidaiwe*.
Kisha, kila mwisho wa mwezi, kwa wino mwekundu:
Mama Mshai, elfu nne.
Mama Mshai, elfu nne.
Mama Mshai, elfu tisa, na chini yake: *nisamehe*.

Shangazi Mwantumu akavua miwani.
Kaka yangu Mbelwa akatazama dari.
Miaka kumi na minane ya elfu nne nne!
Nani huyu? Anakaa wapi? Ana watoto wangapi?
Urithi hauna haya,
huuliza hata lisiloulizika.

Mama peke yake ndiye aliyecheka,
akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani,
akatuongoza kuteremka:
tukapita michikichi ya kwanza, ile mirefu,
iliyopandwa mkonge uliposhindwa na nailoni,
tukapita lundo la makapi linalofuka mvuke, likiiva kuwa mboji,
tukapita mashimo matatu ya maji machafu
ambamo mafuta yaliyoponyoka huelea kama macho,
hadi kwenye ukanda wa msitu
ambao mnunuzi wa Tanga mjini aliwahi kuunyooshea kidole:
hapa miche mia tatu, pale mia nne.
Baba alimjibu, "Hapo pana mwenyewe."

"Haya, mke mwenzangu huyu hapa," mama akasema.

Kijito. Chembamba, chini ya mshai mkubwa,
kikinung'unika kama mtu anayehesabu chenji.

Mwaka kinu kilipoanza, akatueleza,
maji ya kuchemshia chikichi yalimwagwa humu moja kwa moja.
Kaa walipanda ukingoni, wakafia juani.
Wanawake wa bondeni wakaja na ndoo tupu.
Hawakugomba. Hawakupiga hata hodi.
Walizipanga mlangoni petu, midomo wazi,
wakarudi walikotoka.
Ndoo kumi na moja.
Baba hakulala. Alfajiri alifungua ukurasa mpya.

Elfu nne zikachimba shimo la kwanza.
Elfu nne zikalipa vibarua wa shimo la pili.
Elfu tisa ni masika yale kingo zilipobomoka
na kijito kikawa chekundu siku tatu.

Sasa kalamu ninayo mimi.
Mbelwa si mtu mbaya, msimwone hivyo.
Ana watoto wawili bwenini Korogwe,
na mafuta ya meli yanashuka bandarini kwa bei ya maji.
Usiku anapiga hesabu nyuma ya kalenda:
tukiukata ukanda, tukinunua shinikizo la dizeli,
tukisahau mashimo msimu mmoja tu,
mmoja, dada.
Namsikiliza. Hesabu zake ziko sawa.
Hilo ndilo linaloniumiza.

Tumekubaliana nusu:
makapi yataendelea kuwasha tanuri, majivu yatarudi shinani,
mise tutaiuza kwa watengeneza sabuni wa Muheza,
ukanda hauguswi hadi mwakani,
na mwakani tutagombana tena.

Mwezi huu mikungu ilikuwa myepesi.
Niliandika *Mama Mshai, elfu nne*,
nikakata, nikaandika elfu mbili,
na chini yake neno lile la baba,
kwa mwandiko wangu, lilionekana geni.

Kisha nikateremka na ndoo.
Niliizamisha.
Ikajaa bila kuniuliza kitu.